Mama Alitaka Nimtajie Saa

Ninyi mnaoanza kazi hii mwaka huu, nasikia mmepewa makoti mapya, na kila mmoja ana kompyuta yake. Hongereni. Mimi nilianza na ndoo, sepetu na chupa ya wino. Sasa nimestaafu, nakaa zangu Kabeza, hapa Kigali karibu na uwanja wa ndege, na ndege zikipita juu ya bati vikombe hulia kabatini. Kwa mazoea bado nasikiliza kwanza: ni ndege, ni lori, au ni chini? Karibu kila mara ni ndege. Mkubwa wenu ameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya vituo vya kupimia matetemeko. Nitaandika ninayoyakumbuka, bila mpangilio, maana hata mimi sikuyajua kwa mpangilio.

Nianze na jambo ambalo hamtalikuta kwenye mafunzo. Watu hawatawauliza kwa nini ardhi hutetemeka. Watawauliza lini. Dereva wa pikipiki atawauliza, muuza nyanya atawauliza, mkwe atawauliza siku ya posa. Mimi aliyeniuliza kwa ukali kuliko wote ni mama yangu mzazi, wakati ule mlima wa ng'ambo ya mpaka ulipomwaga moto na ardhi ya Gisenyi, mji wetu wa mpakani kando ya Ziwa Kivu, ikawa haitulii. Mama aliishi huko, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba kwa mikono yake: matofali ya udongo, hakuna linta ya zege ya kufunga kuta, na juu vigae vizito vya zamani. Alisema hatoki humo mpaka binti yake, anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo, amtajie saa. Saa sikuwa nayo. Nitawasimulia ilivyokwenda, lakini kwanza mjue kwa nini sikuwa nayo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Karoli. Alisoma enzi za Kifaransa na alivaa tai hata tukienda kuchimba shimo. Siku zangu za mwanzo nilimwuliza haya mabamba ya ardhi ni kitu gani hasa. Tulikuwa tunahamisha ofisi, pale Kicukiro, na mbele yetu palikuwa na kabati la chuma lililojaa vipuri.

"Bon, Zaina," akasema. "Sukuma."

Nikasukuma. Kabati halikwenda popote. Akaniambia niendelee. Miguu yake ilikuwa imeng'ang'ania sakafu, lakini nilipozidi kukaza, ubavu wake ukaanza kupinda kidogo na kulia. Mzee Karoli akaniashiria nitazame pale panapopinda. Halafu ghafla likaruka kama shibiri moja hivi, mimi nikapiga magoti sakafuni, na birika lililokuwa juu yake likadondoka.

"Vwala. Hilo ni tetemeko," akasema, akaokota birika.

Akanieleza nikiwa bado nimepiga magoti. Ganda la nje la dunia limevunjika vipande vikubwa, ndivyo tunavyoviita mabamba, na kila kimoja kina mwendo wake. Mwendo wenyewe ni mdogo. Kwa mabamba yetu ya hapa, hata ukucha unaoota una haraka zaidi. Lakini kingo zake zimeng'ang'aniana kama ile miguu ya kabati. Bamba linaendelea kwenda, ukingo unakataa, mwamba unapinda na kupinda, miaka inapita, kisha siku moja unaachia. Yote yaliyokusanyika kwa miaka hiyo hutoka kwa mara moja, nasi juu tunakimbilia milangoni.

"Ulijua kabati litaruka?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Ulijua litarukia wapi?"

"Huko mlangoni."

"Na ulijua ni lini?"

Hilo sikulijua. Akaniambia basi, nimemaliza somo la mwaka wa kwanza, tumalizie kuhamisha kabati.

Hilo la kung'ang'aniana ni sehemu moja tu ya habari. Nyumbani nilikuja kuwaeleza wanangu kwa unga wa mandazi, nanyi jaribuni, mtakula baadaye. Sukumeni donge la unga kutoka pande mbili: linajikunja, linainuka. Mabamba yakigongana hufanya hivyo hivyo, na ndivyo ilivyoinuka ile milima mikubwa ya Asia. Pengine moja ni zito, basi linazama chini ya jingine, linaachia maji yake huko kwenye joto, mawe yanayeyuka, na milima ya moto inajipanga mstari juu yake. Pengine mabamba yanapishana ubavu kwa ubavu tu, yakikwama na kuruka. Hapo matetemeko mtapata, moto kwa kawaida hamtapata.

Halafu kuna kuvuta, na huko ndiko kwetu. Shikeni donge mvute pole pole. Katikati panakuwa pembamba na kuzama. Sisi tunakaa kwenye bamba dogo lililobeba Ziwa Viktoria, na ng'ambo ya Ziwa Kivu ni bamba la magharibi, na haya mawili yanaachana. Pale panapoachana pamezama, maji yakajaa, likawa ziwa. Kingo zikainuka, ndiyo ile milima mnayoipanda kabla ya kuteremkia Gisenyi au Kibuye, inayowatapisha abiria. Na chini ya pale palipokuwa pembamba, mwamba wa moto umepanda, na ukipunguziwa uzito wa juu huyeyuka. Huo ndio unaotokea kwenye volkeno za kaskazini. Kwa hiyo ziwa lile, milima ile, moto ule na matetemeko yale, yote chanzo chake ni kuvutana huko kumoja.

Vilima vya Kigali msivichanganye na hivyo. Hivi ni makunyanzi ya kugongana kwa zamani mno, kabla hapajawa na mnyama mwenye miguu. Mkipanda kutoka Kagarama mkaona mawe meupe magumu yamesimama wima, hayo yalikuwa yamelala. Ugomvi wake ulikwisha kitambo. Ndiyo maana Kigali tetemeko tunalisikia kwenye vikombe, na Gisenyi wanalisikia kwenye kuta.

Sasa niwaambie habari ya Anastazi, maana nasikia mnataka kufunga mashine mpya na kuwaambia walinzi neno moja tu: msiguse. Anastazi alikuwa mlinzi wa kituo chetu kimoja cha milima ya magharibi, mtu safi kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Mashine, mnajua, ina mshale uliochongwa juu yake, na mshale huo lazima uelekee kaskazini. Mashine haijui kaskazini ni wapi. Inaamini ulivyoiweka.

Basi kuna wakati matetemeko yote ya ziwani yakaanza kuonekana yanatoka kusini, upande wa Burundi. Vituo vilikuwa vichache siku hizo, na kila kimoja tulikiheshimu kama shahidi mahakamani. Mzee Karoli akaanza kunong'ona kuhusu ufa mpya. Akachora ramani. Akaninong'oneza kwamba huenda mpaka wenyewe wa mabamba una tawi ambalo hakuna aliyelijua, na nikaona tai imeanza kufungwa vizuri zaidi. Tukafunga safari kwenda kutazama.

Tulipofungua mlango wa kituo nilidhani tumekosea nyumba. Kuta zimepakwa chokaa, sakafu imepigwa nta nyekundu inang'aa, mimi nikateleza hatua ya kwanza. Na mashine, katikati, imefutwa mpaka inameremeta, mshale umeelekea kwetu.

"Anastazi, nani ameigeuza?"

"Ni mimi, chef," akasema kwa furaha. "Miezi ile nilisikia wageni wa wilaya watakuja. Mashine ilikuwa inaangalia ukuta, kama mtoto amepewa adhabu. Haikuwa heshima. Nikaigeuza iangalie mlango, isalimie watu. Sasa iko propre rwose, safi kabisa."

Mzee Karoli akaketi kizingitini, akalegeza tai, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ufa mpya ukafa hapo. Tukapaka mshale wa rangi sakafuni, tukamkalisha Anastazi tukamweleza kaskazini ya mashine ina kazi gani, na tangu hapo hata mimi alinikataza kuisogeza bila sababu. Kwa hiyo waelezeni walinzi kazi ya kila kitu. Mlinzi mliyemwambia asiguse atagusa siku wageni wakija, kwa sababu hapa kwetu mgeni hapokelewi kwenye vumbi.

Jambo jingine mtakalolipenda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mashine zote zinachafuka, nchi nzima inalima, inachimba mitaro, inapanga mawe. Mistari ya kwenye skrini inakuwa na manyoya. Halafu panatulia ghafla, na hapo mnajua watu wameketi kwenye mkutano. Mmoja wetu, mgeni kazini, aliwahi kuinuka kwenye kiti akisema mlima unaamka. Tukamwambia ni majembe, aketi. Nanyi mjifunze sauti ya lori, ya radi, ya baruti za machimbo ya mawe, ya ng'ombe anayejikuna kwenye ukuta wa kituo. Kompyuta yenu itakisia, na mara nyingi itapata. Ng'ombe bado inamkosea.

Haya, turudi kwa mama.

Mlima ulipomwaga, mimi nilikuwa Kigali mbele ya skrini. Moto wa juu ulisimama mapema, na watu wakadhani yamekwisha. Sisi ofisini tuliona hayajaisha. Mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamejipenyeza kwenye ufa chini ya ardhi, yakielekea kusini, upande wa mji na ziwa. Kila yanapofungua njia, mwamba unapasuka, na kila unapopasuka ni tetemeko. Yalikuja moja juu ya jingine, mistari ikagusana. Gisenyi watu walitoa magodoro nje. Barabara zilipasuka. Mdogo wangu Saidi, ambaye ni fundi cherehani na anaishi na mama, akanipigia.

"Dada, sisi wote tuko uwanjani. Mama amegoma. Iko ndani, amekaa kwa kitanda na tasbihi yake. None se, sasa tufanye nini?"

"Mpe simu."

Mama hakunisalimia. "Zaina, hiyo mashine yenu inasema nini? Nyumba itaanguka saa ngapi?"

"Mama, mashine haisemi saa. Inasema pametetemeka wapi na kwa nguvu gani, ikishapita."

"Ikishapita hata mimi najua. Minasikia na mgongo."

"Toka tu, mama. Saidi ameshafunga turubai."

"Turubai!" Nikasikia tasbihi imesimama. "Nililala chini ya turubai mara moja katika maisha yangu, na wewe ulikuwepo. Nikaapa sirudi. Nitajie saa, nitatoka hiyo saa, ikipita nitarudi. Huna saa, niache kwa nyumba ya mume wangu."

Turubai hilo la ukimbizini nalikumbuka, na sitalielezea hapa. Nilijua tu kwamba kwa mama kulala nje si suala la baridi.

Saidi akachukua simu, akasogea pembeni. "Mdanganye," akasema. "Mwambie ni leo baada ya magharibi. Wewe ndiye anakuamini. Akishatoka, tutajua mbele."

Niseme wazi: niliogopa. Nilizijua kuta zile, nilikuwepo baba akizipandisha, na nilijua vigae vile vina uzito gani, maana nilivibeba. Uongo mmoja ungemtoa jioni ile ile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kilichonizuia ni habari aliyopenda kuisimulia Mzee Karoli, ya mhubiri mmoja wa mji wa kando ya ziwa, zamani, aliyewatangazia watu kwamba itakuwa Ijumaa. Ijumaa watu walilala nje, ardhi ikanyamaza kabisa. Jumamosi wakarudi ndani wakicheka. Tetemeko lilikuja baadaye, na hapakuwa na wa kuwatoa tena. Ningemdanganya mama, angetoka mara moja, na asubuhi angerudi ndani akiwa haniamini.

"Saidi," nikasema, "ile meza yako ya kukatia nguo iko wapi?"

"Barazani. Dada, unaniuliza meza?"

"Mwite mama aje mlangoni. Weka simu kwa sauti kubwa. Sukuma meza, halafu yeye ataje itaruka lini."

Saidi alidhani nimechanganyikiwa, lakini yeye ni mtu wa kutii. Meza ile ni ya mninga, nzito, na baraza ni ya simenti mbaya. Nikasikia mama anaburuta ndala mpaka mlangoni, akiuliza huu nao ni mchezo gani. Saidi akasukuma.

"Sasa!" akasema mama. Kimya. "Haya, sasa!" Kimya. Nikasikia Saidi anahema. "Huyu hana nguvu. Sasa!"

"Bado, mama," akasema Saidi, na kabla hajamaliza neno meza ikaruka kwa kishindo, mkasi ukaanguka, naye akapiga ukelele kwa kubanwa kidole. Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mlima umwage.

Halafu akaja kwenye simu.

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui, mama. Tunajua inakaza. Tunajua ni hapo mlipo. Saa hatujui."

"Na kazini wanajua kwamba hamjui?"

"Wanajua."

"Na bado wanakulipa."

"Wananilipa, mama."

"Natoka," akasema. "Na si kwa sababu ya meza. Tangu utoto wewe ukiogopa unaongea pole pole. Leo toka mwanzo unaongea pole pole."

Alitoka na mkeka wake, chupa ya chai na saa ya ukutani ya baba, akaitundika kwenye nguzo ya turubai. Saa ile baba aliiweka mbele dakika kadhaa makusudi, tangu tukiwa wadogo, ili asiwepo wa kuchelewa swala. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kuirudisha.

Kila asubuhi baada ya alfajiri simu yangu ililia. "Zaina, nyumba yako bado imesimama." Ikawa nyumba yangu sasa. Nikaletewa na mashtaka mengine: umande, jirani anayekoroma, chai ya mke wa Saidi iliyokosa tangawizi. Mimi nilikuwa nikitazama mistari ikipungua manyoya. Tetemeko moja hapa, jingine kule, dogo, dogo zaidi. Watu wakaanza kurudisha magodoro.

"Majirani wameingia ndani," mama akasema asubuhi moja. "Mimi nangoja nini?"

"Ngoja kidogo, mama."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Sijui."

Akafyonya, akakata simu. Siku hiyo nzima sikufanya kazi ya maana, kwa sababu nilijua nimebakiwa na kiasi kidogo sana cha uvumilivu wake, na ardhi haikuwa na haraka yoyote. Unaweza kuwa sahihi kuhusu nyumba na bado ukampoteza mtu, kama ardhi itachelewa kuliko subira yake. Hilo ndilo lililonisumbua, na ndilo litakalowasumbua ninyi.

Asubuhi iliyofuata hakunipigia. Nikampigia Saidi, naye hakupokea. Nikaenda kazini. Jua lilikuwa limeshapanda vizuri, siku ya kufua nguo, na mstari wa kituo cha karibu na Gisenyi ukaruka. Halikuwa kubwa kuliko yale ya mwanzo. Mikono yangu ikafanya kazi yake kabla yangu: wimbi la kwanza, wimbi la pili, umbali, mahali. Lilikuwa chini ya mji hasa. Nikasogeza kiti nyuma, nikaishika simu, nikashindwa kuibonyeza. Ikalia yenyewe.

"Zaina," akasema mama, sauti kavu kabisa. "Andika."

"Mama! Uko wapi? Mko salama?"

"Andika kwanza. Ukuta wa chumba changu umeanguka. Vigae vyote viko juu ya kitanda. Saidi yuko hapa, mke wake yuko hapa, mimi niko kwa mkeka na chai yangu, leo wameweka tangawizi. Uliniambia hamna saa. Haya, mimi nakupa, niko naiangalia hapa kwa nguzo: ni saa tano na robo. Umeandika?"

Kwenye skrini mbele yangu mashine ilikuwa na saa yake, pungufu kwa dakika zile zile ambazo baba alituongezea ili tusichelewe swala.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimeandika. Saa tano na robo."